Santuri zilizowahi Marekani na mwanamke aliyezima gramafoni Smithfield

Saa moja na nusu asubuhi, Chibalonza Nabintu anaishusha sindano juu ya santuri nyeusi ambayo bado ina uvuguvugu wa mashine, anafumba macho na kusikiliza. Mvua ya Juni inapiga bati la kiwanda hiki kilichoko Smithfield, magharibi mwa Sydney, lakini yeye haisikii. Amevaa hedifoni kubwa zinazomfunika masikio na nusu ya kitambaa cha kichwa.

Dakika ya tatu anafumbua macho na kuirudisha sindano nyuma kidogo.

"Hapa," anasema, akimpa mwandishi hedifoni. "Umesikia?"

Mwandishi hasikii kitu zaidi ya magitaa. Anarudia. Safari ya tatu ndipo anapokisia mchakacho mdogo, kama mtu anayekanyaga jani kavu chumba cha pili.

"Hiyo si muziki. Hiyo ni uchafu," anasema Chibalonza, na kuibandika santuri karatasi nyekundu. Nyingine mia moja zilizotoka kwenye kalibu ileile zitarudishwa kuyeyushwa.

Ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa karibu na Bukavu, akaishi miaka sita kambini Uganda, akafika Australia mwaka 2013 na watoto watatu. Anakaa Mount Druitt, na kila siku ya kazi hupanda treni mbili na basi moja kufika hapa. Aliajiriwa mwaka 2018 kufagia. Siku moja fundi alikuwa anajaribu santuri kwenye spika, naye akasimamisha ufagio na kumwambia kuna kitu kinakwaruza. Fundi alibisha. Walipoitazama kwa darubini, wakaona unywele wa plastiki umenasa ndani ya mfereji wa sauti.

"Toka ile siku wakanikalisha hapa," anasema.

Muziki anaousikiliza zaidi ni rock ya Uingereza. Mwanzoni, anasema, ulikuwa kama watu wanaohamisha makabati. Sasa anawajua wapigaji kwa mikono yao. Kuna mpiga ngoma mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye anamheshimu. "Yule ni fundi. Hana kosa hata moja."

Ni albamu ya mzee huyo na wenzake watatu iliyoleta yaliyotokea Agosti mwaka jana. Gazeti hili halitaitaja bendi yao, kwa sababu wazee hao hawakujua lolote. Waliojua ni wengine.

Bendi za Uingereza zina deni la heshima na Marekani tangu enzi za babu zetu. Unaweza kujaza viwanja vyote vya Uingereza, lakini kama Marekani hawakununua, wakubwa wa London wanakuona hujafika. Bendi hii ilikuwa haijawahi kushika nafasi ya kwanza Marekani tangu mwaka 1979. Albamu mpya ilitarajiwa kuwa ya mwisho, na kampuni yao ya muziki ilitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba.

Mauzo ya huko huhesabiwa kwa wiki, Ijumaa hadi Alhamisi. Santuri moja ikinunuliwa, inahesabiwa albamu nzima. Mtandaoni, watu wanatakiwa kusikiliza nyimbo zaidi ya mara elfu moja ndipo ihesabiwe albamu moja. Kwa hiyo vita vyote ni vya santuri. Na mwaka 2021, watu wakiwa wamefungiwa majumbani wakinunua santuri kama mkate, viwanda vya Marekani na Ulaya vilikuwa na foleni ya miezi minane. London ikatafuta nafasi popote, ikaipata Smithfield. Oda ilikuwa santuri elfu kumi na nne, ziondoke kwa ndege Ijumaa, Agosti 13.

Meneja wa kiwanda, Glenn, alitundika ubao mweupe ukutani na kuandika kwa wino mwekundu: MAREKANI, NAMBA MOJA. Chini yake alikuwa akiandika hesabu ya kila siku.

Wakati huo Sydney ilikuwa imefungwa. Magharibi mwa jiji, wanakoishi wahamiaji wengi, amri zilikuwa kali kuliko kwingine. Wanajeshi walikuwa wakigonga milango, helikopta zikizunguka juu ya nyua za watu, na wafanyakazi wa baadhi ya mitaa wakitakiwa kupimwa corona kila siku tatu. Aliyeruhusiwa kutoka mtaani kwake kwenda kazini ni yule ambaye kazi yake inahesabiwa ya lazima, mwenye barua ya mwajiri.

Chibalonza alipewa barua. Ilisema anafanya kazi ya "ghala na usafirishaji".

"Polisi aliisoma pale steshen ya Blacktown, akaniuliza nasafirisha nini, chakula ama dawa? Nikamwambia, muziki. Akaniangalia. Akanirudishia karatasi." Anatikisa kichwa. "Mama yangu mdogo alikufa hapa Penrith mwezi wa saba. Kwenye mazishi tuliruhusiwa watu kumi, mimi sikuingia kwenye kumi. Lakini kuja kufunga muziki wa kwenda Amerika, naruhusiwa."

Mezani pembeni yake alikuwa akikaa Thacienne, mama wa Kirundi wa miaka hamsini na minane kutoka Makamba, aliyekuwa akizivisha santuri majalada yake. Walikuwa wakitumia pamoja chupa moja ya chai na Kiswahili chao, cha mmoja kikiwa na Kifaransa kingi kuliko cha mwingine. Wote wawili, na wanawake wengine watano wa meza ya majalada, walikuwa vibarua. Walilipwa dola ishirini na tano kwa saa. Mgonjwa hakulipwa kitu.

Jumapili, Agosti 8, dereva wa foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, alipata ujumbe kwamba ana corona. Alimpigia Glenn saa hiyohiyo. Dereva huyo, anayeomba jina lake lisiandikwe, anasema aliambiwa: "Wewe kaa nyumbani, wengine niachie mimi."

Jumatatu watu waliingia kazini kama kawaida. Jumanne pia. Jumatano, Thacienne alisema mgongo unamuuma, na Glenn akamletea kiti chenye mto.

Alhamisi saa nne asubuhi simu ya Chibalonza iliita. Alikuwa yule dereva.

"Aliniuliza majibu yangu yametoka vipi. Nikamuuliza majibu ya nini? Akasema, 'Hawakuwaambia?'"

Chibalonza alivua hedifoni, akainua sindano, akazima gramafoni. Alikwenda mpaka mlango wa ofisi na kumuuliza Glenn kama ni kweli. Glenn hakukana.

"Kesho, Chiba," alimwambia. "Zimebaki elfu mbili. Kesho saa sita lori likiondoka nafunga kiwanda, wote mtapimwa."

"Umejua tangu lini?"

"Unaelewa wiki ya mauzo ni nini? Zikichelewa siku moja, hazihesabiwi."

"Mimi nimekuuliza umejua tangu lini."

Akamjibu kwamba Jumapili.

Mpaka leo Chibalonza akifika hapo sauti hushuka. "Unaona, jina langu ni refu kwake, kwa hiyo nikawa Chiba. Lakini wale wazee wanne wa bendi alijua majina yao yote, na mahali walipozaliwa, na mwaka walipoachana na mwaka waliporudiana. Sisi tulikuwa saba pale mezani. Muulize alijua majina mangapi."

Alirudi ukumbini, akawaambia wenzake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza wachukue mikoba yao. Hakuna aliyebaki. Thacienne alitoka wa mwisho, kwa sababu alitaka kwanza kumalizia boksi alilokuwa ameshalianza.

Nje, kwenye maegesho, Chibalonza alimpigia Jerotich, muuguzi Mkenya anayesali naye, na kumuuliza afanye nini. Jerotich alimpa namba ya idara ya afya. "Nilimwambia, mama, piga sasa hivi, usingoje ufike nyumbani," anakumbuka Jerotich. "Na kila mtu apimwe leo."

Maafisa walifika kiwandani Jumamosi na kukifunga siku kumi na nne. Lakini Glenn na watu wawili wa ofisini walikuwa wamezifunga wenyewe zile elfu mbili. Lori lilikuwa limeondoka Ijumaa saa sita, kama lilivyopangwa.

Wanawake watatu kati ya saba walikutwa na corona. Wawili waliugulia nyumbani. Thacienne alilazwa Jumanne, na Alhamisi akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Alikaa kwenye mashine hiyo siku ishirini na nne.

Hakuna aliyeruhusiwa kumwona. Bahati ilikuwa moja tu: Jerotich alikuwa akifanya kazi wodi hiyohiyo. Kila alipoweza, alimwekea simu karibu na sikio ili Chibalonza aseme naye.

"Sikujua kama anasikia," anasema Chibalonza. "Nilikuwa namwambia mambo ya kawaida. Leo nimepika sombe ya majani ya muhogo. Leo mvua. Nilikuwa naogopa nikianza kuomba atajua kwamba hali ni mubaya."

Wiki hiyohiyo alipokea ujumbe kwamba hayumo kwenye rosta ya zamu kiwanda kitakapofunguliwa. Wiki iliyofuata hakuwemo pia. Hakuna aliyemwambia amefukuzwa. Kibarua hafukuzwi. Haitwi tu.

Jumatatu, Septemba 6, simu yake ilitoa mlio. Hakuna aliyekumbuka kumtoa kwenye kundi la WhatsApp la kiwanda. Glenn alikuwa ametuma picha ya keki kubwa yenye bendera ya Marekani na namba moja ya sukari nyekundu. Albamu ilikuwa imeongoza, na chini ya picha aliandika kwamba ushindi huo ni wa kila mmoja wao.

Thacienne siku hiyo alikuwa na siku ya kumi na tisa akipumuliwa na mashine.

Chibalonza aliandika sentensi mbili: "Thacienne bado yuko kwenye mashine. Kipande chake mmempa nani?" Watu ishirini na saba waliusoma ujumbe huo.

Gazeti hili lilituma kwa wamiliki wa kiwanda maswali tisa, pamoja na hili la kwa nini wafanyakazi walifichwa habari ya ugonjwa kwa siku nne. Walirudisha mistari miwili, inayosema kwamba afya ya wafanyakazi ni kipaumbele chao na kwamba kipindi kile kilikuwa kigumu kwa kila mtu. Glenn alihamishiwa tawi la mji mwingine. Hakupokea simu zetu.

Kilichomrudisha Chibalonza kazini hakikuwa haki. Oktoba, Marekani iliagiza santuri nyingine elfu tisa. Aliyewekwa mezani pake alikuwa kijana wa ofisini, na wateja wa kule walianza kuzirudisha kwa mamia wakilalamika upande wa pili unakwaruza. Wiki ya kwanza ya Novemba meneja mpya akampigia, akamwomba arudi kesho yake.

"Nikamuuliza, mimi peke yangu?"

Alikataa kurudi peke yake. Alitaka wenzake wote wa meza ya majalada waajiriwe rasmi, wenye likizo na malipo ya ugonjwa, na kuwe na ahadi ya maandishi kwamba mtu akiugua wote wataambiwa siku hiyohiyo. Meneja alisema atafikiria. Chibalonza akamjibu kwamba yeye ameshazoea kukaa nyumbani. Siku nane baadaye mikataba sita ilikuja, iliyosainiwa.

Wa saba hakuuhitaji. Thacienne alitoka hospitali baada ya siku arobaini na moja, lakini mapafu yake hayajarudi. Kanisani alikuwa akiimba sauti ya pili. Sasa hukaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na nyimbo huzifuata kwa midomo tu.

Bima ilikataa dai lake la kuumia kazini. Barua yao inasema haiwezekani kuthibitisha alipoupata ugonjwa, na kwamba huenda ni kwenye treni, au kanisani.

"Kanisa lilikuwa limefungwa tangu mwezi wa sita," anasema Chibalonza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anapiga meza kwa kiganja. "Mwandishi, andika hiyo. Limefungwa. Kufuli. Serikali yenyewe ndiyo ilifunga."

Rufaa itasikilizwa Julai 14, mjini. Dereva wa foklifti amekubali kutoa ushahidi. Chibalonza ameomba likizo ya siku hiyo, yenye malipo, ya kwanza tangu afike nchi hii. Wakili aliwaambia kwamba Thacienne anaweza kubaki nyumbani na karatasi zake zisomwe, maana jengo lina ngazi nyingi kuanzia barabarani na lifti yake inatengenezwa. Thacienne alikataa. Anataka wamwone.

Wiki iliyopita walikwenda wawili kulijaribu. Walihesabu ngazi ishirini na mbili. Thacienne alipumzika mara nne, akashika ukuta, akafika juu akitokwa na jasho katika baridi ya Juni, na mlinzi akamletea kiti.

"Tutatoka nyumbani mapema saa nzima," anasema Chibalonza. "Akichoka, tutakaa palepale kwenye ngazi, watu watatupita. Akipata pumzi, tutaendelea. Lakini wataita jina lake lote, Thacienne Ndayizeye, na yeye mwenyewe ndiye ataitika."