Bakuli la Jirani Kutoka Sahara

Jirani yangu wa mlango wa pili hapa ughaibuni, Flemingdon Park, ni bibi wa Kialjeria, mjane, mkarimu kupita kiasi. Siku moja aliniletea kuskusi na nyama ya kondoo ndani ya bakuli la chuma, zito, lenye alama za nyundo. Nikalisifia bakuli. Ningejua, ningesifia kuskusi nikanyamaza.

Alifurahi kuulizwa. Alizaliwa Sahara, karibu na pale Wafaransa walipojaribia mabomu yao ya nyuklia. Walipofungasha virago waliacha vyuma vimezagaa mchangani, na watu wa kwao, ambao hawakuambiwa lolote, wakaviokota, wakaezekea nyumba na kuvifua kwa nyundo kuwa vyombo. Bakuli lile lilifuliwa na babake kwa mkono wake, akampa mkewe, mamake bibi.

"Ndilo pekee nililotoka nalo kwetu," alisema.

Mume wangu, aliyekuwa ameanza kula, akaweka kijiko chini.

"Hiyo kitu ina mionzi," aliniambia bibi alipotoka. "Toa nje, mama watoto. Saa hii."

Mimi ninayebishana naye hata juu ya chumvi, siku hiyo nilitulia kama maji mtungini. Kusema kweli, niliogopa kuliko yeye. Nilimwaga chakula, nikavaa glavu, nikalitia bakuli kwenye mfuko wa takataka, nikazitupia na glavu humo, nikauweka roshani.

Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu Mombasa chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikosa yote utatia hata mahamri mawili. Kulirudisha tupu ni matusi. Kulitia chakula siwezi, maana mkono wangu haukutaka kuligusa. Basi sikulirudisha. Nikawa nachungulia mlangoni kabla ya kutoka nisije nikakutana naye kwenye lifti. Mtu mzima na akili zangu, najificha kama mwizi.

Mwishowe alikuja mwenyewe. Alitaka kupika sadaka ya marehemu mamake, na sadaka hiyo huipakua kwenye bakuli lile. Nikaenda roshani, nikamletea mfuko kama ulivyo. Akaufungua. Glavu zangu zikaanguka miguuni pake.

Alizitazama.

"Tulipohamia mjini," alisema taratibu, "watu wakisikia tumetoka wapi walikuwa hawatupi mkono. Nilidhani nimeyaacha kule."

Nilitamani ardhi inimeze, na huku ghorofani hata ardhi yenyewe iko mbali. Nikaomba radhi. Mume wangu alikuwa chumbani, ameniachia mimi aibu yote.

"Si kitu, binti yangu," alisema, akaliweka bakuli kifuani, akaenda zake.

Nilijua hatabisha hodi tena. Lakini Ijumaa iliyofuata alikuja na kuskusi ya moto, imejaa pomoni, kwenye kibakuli cha plastiki kama vile vya dukani.

"Ukimaliza," akaniambia, akitabasamu, "hiki tupa tu."