Kliniki ya Siku Tano na Pumzi ya Chepkorir

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Nakuru mjini, nilipewa wavu wa kuokota majani kwenye kidimbwi cha kuogelea na ndoo ya klorini, ile dawa ya kusafisha maji. Bwana Meneja akaniuliza kama najua kuogelea. Nikasema najua. Nilichojua ni kuvuka bwawa la ng'ombe kwetu Olenguruone nikipiga maji kama mbwa. Akaniambia, "Sikia, kijana. Mtu anayezama hapigi nduru. Ananyamaza." Tangu siku hiyo sijawahi kufurahia ukimya karibu na maji.

Naandika haya kwa makocha wachanga, na kwa wazazi wanaoniuliza kama kliniki ya kuogelea ina faida kwa mtoto anayeshindana. Shule niliachia darasa la saba, mnivumilie. Kliniki hii si ya madaktari. Ni mafunzo ya siku chache wakati wa likizo, kocha mgeni anakuja kuwanoa watoto ambao tayari wanajua kuogelea.

Kutoka hotelini nilihamia shule moja ya bweni upande wa Njoro. Huko nilijifunza kufundisha, kwa kutazama kuliko kwa kusoma. Nilikuwa na utaratibu wangu: watoto wawili wawili. Mmoja akiwa majini, mwenzake anakaa ukingoni, miguu ndani ya maji, macho kwa yule mmoja tu. Tulimwita mlinzi. Haongei, hali mandazi. Maji ya huko asubuhi yana baridi ya kuuma mifupa, na huku juu hewa ni nyepesi. Mtoto huishiwa nguvu kabla hajajua amechoka.

Muogeleaji wangu bora wakati huo alikuwa Chepkorir, msichana wa miaka kumi na miwili, binti wa mkulima wa viazi wa Olenguruone. Mkuu wa Michezo wa shule akamleta Kocha Mgeni kutoka pwani, mtu wa vyeti. Lazima nimtendee haki. Ndani ya dakika kumi aliona kitu ambacho mimi sikukiona miaka mitatu: Chepkorir aliinua kichwa kabla ya kufika ukutani, na mwendo wake wote ukafia hapo. Kufikia siku ya pili alikuwa anageuka kama samaki. Nilifurahi. Wivu pia niliuona, sitaficha.

Siku hiyo hiyo ya pili Kocha Mgeni aliwatazama walinzi wangu ukingoni.

"Mzee, nusu ya watoto wamekaa. Hii ni kliniki ama ni kanisa?"

Watoto wakaangua kicheko. Nami nikacheka.

"Ni mazoea yetu tu, Kocha."

"Tuna siku tano pekee. Wote waingie majini."

Kwa upande wa muda hakukosea. Nikawaambia walinzi waingie.

Siku ya tatu akatoa zoezi la pumzi: vuka kidimbwi chini ya maji bila kupumua, pumzika kidogo, rudia. Kwao pwani aliwazoesha watoto hivyo. Mimi nilijua huku juu si kama kule. Maneno yalinifika mdomoni nikayameza, kwa sababu yeye alikuwa na vyeti.

Raundi ya nne Chepkorir akapita katikati, mikono mbele, chini kabisa, anateleza tu. Watoto wakaanza kushangilia.

"Manze, cheki huyo! Ako na pumzi ya mamba!"

"Chepkorir! Chepkorir!"

Nami nilikuwa napiga makofi. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Alikuwa amezimia, na sisi tulikuwa tunamshangilia.

Aliyeruka ni Kocha Mgeni, na nguo zake na viatu. Mimi nilisimama na filimbi mdomoni, na filimbi haikutoa sauti. Akamtoa, akamlaza, midomo ya mtoto imekuwa ya buluu. Akampulizia pumzi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chepkorir akakohoa, akatapika maji, akauliza, "Nimefika?"

Hospitalini walisema yuko salama. Lakini likizo nyingine ilipokaribia, kliniki ikatangazwa tena, na babake akaja kunitafuta, gambuti miguuni bado zina udongo wa shamba.

"Kocha, huyu mtoto analia anataka kurudi. Mamake hataki hata kusikia neno maji. Mimi kuogelea sijui. Wewe sema ndio ama hapana, nitafuata."

"Usinipe mimi hiyo kazi, Mzee."

"Sasa nimpe nani? Ng'ombe?"

Siku tatu nililipima jambo hilo. Nikisema hapana, namnyima mtoto kitu ambacho mimi siwezi kumpa, ili tu moyo wangu utulie. Nikisema ndio, naweza kumzika. Mwishowe nilimpigia simu Kocha Mgeni, nikamwambia walinzi warudi na lile zoezi liondoke.

Akasema, "Mzee, tangu siku ile naota nikihesabu watoto, na kila nikihesabu anapungua mmoja. Haya yote ungeniambia siku ile."

"Ningekuambia," nikajibu. Akakubali yote mawili.

Nikamwambia babake ndio, na Chepkorir akaenda. Mlinzi wake nilikuwa mimi mwenyewe, mtu mzima na suruali imekunjwa, siku zote tano, chai sikuigusa. Kwenye mashindano yaliyofuata alishika nafasi ya tatu. Kama ni kliniki, ama ni kwa sababu alikuwa amerefuka, siwezi kuapa.

Sasa nimestaafu, na bado wananiuliza. Wiki jana ni mama mmoja wa mtaa wa Rhonda, mwanawe ameitwa kliniki. Nilimwambia asiulize kuhusu vyeti. Amuulize kocha, "Mtoto wangu akiwa chini ya maji, ni nani hana kazi nyingine yoyote?" Akijibiwa kwa jina la mtu, ampeleke. Akichekwa, arudi naye nyumbani.

Aliuliza, akapewa jina. Mtoto aliingia majini Jumatatu. Leo ni Jumatano, simu iko mezani mbele yangu, na bado sijaweza kumpigia mama yule.