Grisi ya Hapa

Sijawahi kumpenda fundi baiskeli hata mmoja, na nasema hivi nikiwa nimewafahamu wengi. Mikono yao inanitia kinyaa. Fundi akimaliza kazi hujifuta kwa kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe, halafu anakunyooshea mkono, na wewe kwa adabu unautoa wa kwako. Tabora ya wakati wa Mwingereza ilijaa mafundi wa namna hiyo kwa sababu ilijaa baiskeli, na baiskeli zilijaa mchanga. Mchanga wa kwetu ni mwepesi, unapenya kila tundu. Ukienda Ipuli ukarudi, tayari vitovu vya magurudumu vinasaga.

Kwa hiyo kila baada ya miezi michache baiskeli ilipelekwa sevisi. Nieleze ilikuwa nini, maana vijana wa siku hizi wakisikia neno hilo wanadhani ni kujaza upepo na kufuta vumbi. Sevisi ya haki ilikuwa kufungua kila kitu. Magurudumu yanatolewa, gololi zinamwagwa kwenye bakuli la mafuta ya taa, zinaoshwa, iliyolika inatupwa na mpya inatiwa. Vitovu vinakwanguliwa uchafu wa zamani na kupakwa grisi mpya. Mnyororo unasuguliwa, spoki zinakazwa mpaka rimu iache kuyumba, na raba za breki zikiisha zinabadilishwa. Ilikuwa kazi ya kutwa. Bei yake mjini kwetu ilikuwa shilingi nne, na mteja mwenye akili alivuta kigoda akaketi pale pale, macho kwenye bakuli, maana ukimwacha fundi peke yake gololi zako nzima zinahamia kwenye baiskeli ya mtu mwingine.

Mimi sikuketi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, nasubiri kazi serikalini, na niliona kukaa kwenye kibanda cha fundi ni kujishusha.

Baiskeli ilikuwa ya baba. Alikuwa na duka dogo la chumvi na vitambaa, na mara mbili kwa wiki alipanda baiskeli akaifuata njia ya zamani ya misafara, ile iendayo Ujiji, kununua nta na asali vijijini. Babu aliitembea njia hiyo kwa miguu, baba akaipanda kwa magurudumu, na hayo ndiyo maendeleo ya ukoo wetu niliyoyashuhudia. Alivaa kanzu nyeupe kila siku, na kanzu ile ile ndiyo aliyoswalia, iwe msikitini au porini juu ya mkeka wake. Hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa kujionyesha. Lakini usafi wa sala yake aliulinda kwa ukali, na nyumbani sote tulimjua hivyo.

Asubuhi moja akanipa shilingi nne na baiskeli. "Sevisi kamili," alisema. "Na ukae hapo mpaka aifunge."

Fundi aliyekuwa karibu alikuwa na kibanda cha madebe yaliyokunjuliwa, nyuma ya soko. Mtu mchafu kupita kiasi. Alikuwa na ukucha mmoja mrefu wa kidole gumba alioutumia kukwangulia uchafu vitovuni, na ukucha huo huo akauchovya kwenye kikopo cha ugoro na kuupeleka puani. Akitaka kujua kama valvu inavuja, aliitemea mate akayatazama kama yanatoa povu. Nilisimama mbali, nimebana pua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, bwana mdogo. Hiyo ya mzee? Sevisi?"

"Sevisi kamili."

"Grisi ya kopo au ya hapa?"

Nikamuuliza tofauti yake nini. Akasema ya kopo inatoka Ulaya, na kwa hiyo sevisi ni shilingi nne. Ya hapa anaitengeneza mwenyewe, na kwa hiyo atanifanyia kwa mbili na thumni. "Inateleza vile vile," akasema. "Nani atafungua kuangalia?"

Nikasema, "Tia ya hapa."

Sikuuliza ya hapa ni ya nini. Shilingi moja na thumni iliyobaki niliitia mfukoni, nikaenda zangu sokoni nikanunua kichupa cha mafuta ya nywele yenye harufu ya waridi. Jioni nikairudisha baiskeli nyumbani ikiwa inang'aa, magurudumu yanazunguka kimya. Baba aliizungushazungusha, akaridhika, akanishukuru.

Wiki ya kwanza haikuwa na neno. Wiki ya pili jua lilikuwa kali, na baiskeli ikaanza kunuka. Harufu yenyewe ilikuwa ya mafuta yaliyochacha, nzito, ya kukaa kooni. Inzi walijaa kwenye vitovu. Kisha wakaja mbwa. Baba akiegesha baiskeli nje ya duka, mbwa wa mtaa mzima walikuja kulamba ekseli, naye akawa anatoka na bakora kuwafukuza, akilalamika kwamba mji umeharibika. Mafuta yale yaliyeyuka kwa joto yakatiririka juu ya spoki, yakarukia pindo la kanzu. Mama aliifua kwa sabuni, akaisugua kwa jiwe, yakabaki madoa ya kijivu. Baba akaendelea kuivaa, akaendelea kuswali nayo, kwa kuwa doa la grisi ni uchafu wa kazi tu.

Wiki tatu zilipotimia nilikwenda kwa fundi kumgombeza. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali kabisa, ya kijana aliyesoma.

Nilimkuta anapika. Juu ya mafiga palikuwa na sufuria, na ndani yake vipande vya mafuta vinayeyuka na kutoa povu. Fundi alikuwa anatia masizi ya chungu ili yawe meusi kama ya kopo, akikoroga kwa spoki. Kando yake alikaa mwindaji mmoja wa upande wa Ntalikwa akisubiri kulipwa. Mbele ya mwindaji, juu ya gunia, kilikuwako kichwa chenye nywele ngumu, na meno mawili yaliyopinda yametokeza nje ya midomo. Kichwa cha ngiri.

"Hiki ni nini?" nikauliza, ingawa nilikiona.

"Grisi," akasema fundi bila kuinua macho. "Ya hapa."

"Huyo ni ngiri! Wewe unajua baiskeli ile ni ya nani. Unamjua baba yangu, unamwona akipita kwenda msikitini!"

Ndipo akaniangalia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi. "Bwana mdogo, mafuta ni mafuta. Nilikuuliza ya kopo au ya hapa. Ukachagua mwenyewe, tena upesi. Nikadhani mmekubaliana nyumbani."

Nilitoka nikatapika kando ya njia, mbele za watu, na harufu ya waridi ilinitoka kichwani ikachanganyika na matapishi yangu. Nilimchukia fundi yule, nikamchukia mwindaji, nikakichukia na kichwa changu kinachong'aa.

Baba nilimkuta uani anatawadha kwa sala ya alasiri. Nilimwambia huku nimesimama. "Baba, ile grisi ya baiskeli ni mafuta ya ngiri."

Maji yalikuwa kiganjani mwake. Aliyaacha yakamwagika. "Nani kakwambia?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Tangu siku ile ya sevisi?"

"Tangu siku ile."

Akauliza, "Ulimlipa ngapi?"

"Nne," nikasema. Lilitoka lenyewe, jepesi kabisa.

Baba akatikisa kichwa kumsikitikia mtu anayepokea shilingi nne na kumtia mwenzake najisi. Hakwenda kugombana naye, hakutaka hata kupita nyuma ya soko tena. Mama aliichukua kanzu akaifua mara saba, mara moja kwa udongo, kama inavyotakiwa kwa najisi ya nguruwe. Mimi nilipewa baiskeli. Niliifungua mwenyewe kesho yake, gololi kwa gololi, nikayakomba mafuta yale meusi kwa kijiti na vidole, yakaingia chini ya kucha zangu kama yalivyoingia chini ya za fundi. Nikaosha kila chuma mara saba. Nilijifunza sevisi nzima kwa mchana mmoja.

Baba alipiga hesabu. Hakujua mafuta yaliigusa kanzu lini, kwa hiyo akaanzia siku ya sevisi. Siku ishirini na moja, sala tano kila siku, jumla mia na tano, na zote angezilipa. Shehe jirani alimjia akamwambia kwamba asiyejua hana lawama. Baba akamjibu, "Sasa najua."

Aliamua kulipa sala tano baada ya kila sala ya wakati wake. Kwa kuwa alikuwa anapotewa na hesabu, akaniweka mimi nimhesabie. "Wewe ndiye unayejua mambo haya yalianza lini," alisema. Nilitia punje mia na tano za kunde mfuko wa kushoto, na kila akitoa salamu ya kumaliza sala nikahamisha punje moja kwenda mfuko wa kulia.

Alikuwa mtu mzima, magoti yake yalikwisha kwa baiskeli na njia ya mchanga. Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya tatu alikuwa akiinuka kutoka kwenye sijida kwa kushika ukuta, na nilisikia magoti yakilia. Mimi nilikaa nyuma yake nikinuka waridi, kwa maana mafuta yale ya nywele hayatoki upesi. Nilijionea kinyaa kuliko nilivyowahi kumwonea fundi yeyote.

Siku ya nne, baada ya alasiri, alimaliza sala moja, na alipotaka kusimama kwa ya pili miguu ilikataa. Akarudi chini, akakaa anahema. Akageuka.

"Zote zimekwisha?"

Nilisema zimekwisha. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia, na huenda nilimhurumia. Lakini hasa nilichoka kumtazama.

Uso wake ukafunguka. Akaniita nikae mbele yake, akainua mikono, akaniombea dua ndefu, riziki na maisha marefu, kwa kuwa mimi ndiye mwanawe niliyekuja kumwambia ukweli wakati ningeweza kunyamaza. Nami niliitikia amina, punje kumi na tisa zikiwa bado mfuko wa kushoto.