Mgonjwa Alikuwa Nje kwenye Benchi

Leo nimemsajili kwenye mfumo wa hospitali mtu ambaye haumwi.

Bibi kutoka kijiji cha Sepuka aliingia chumbani kwangu, akakaa.
Mimi, daktari tarajali, macho kwenye kompyuta. Hata shikamoo sikumpa.

"Bibi, umezaliwa mwaka gani?"

"Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa nilikuwa msichana tu. Lakini sikiliza, mjukuu wangu..."

"Subiri kwanza, bibi."

Mfumo ukaganda. Nikaanza upya.
Nilipofika kwenye dalili, ndipo nikamtazama.

"Anayeumwa ni mume wangu, babu yako," akasema taratibu. "Yuko nje kwenye benchi, hawezi kutembea."

Nikatoka mbio. Babu alikuwa anahema kwa shida.
Tukamwekea oksijeni. Ametulia, namshukuru Mungu.

Bibi akanishika mkono. "Nisamehe mjukuu wangu, niliogopa kukukatiza kazi."

Madaktari wenzangu, mngemjibu nini? Mimi nilimwamkia tu: shikamoo, bibi.