Jino Lililongoja Mabati

Daktari wa meno aliinua picha ya taya langu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akanitazama mimi, akacheka.

"Dada, unajua ungali na jino ya kitoto ndani ya kinywa?"

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu. Siku ya kutetea kazi yangu nilijibu maswali yote nimefunika mdomo kwa mkono, mpaka profesa mmoja akauliza kama nina kikohozi. Sasa nilikuwa nimekuja kuomba vyuma vya kunyoosha meno, ili nami nicheke kama watu. Kumbe chonge langu la kushoto ni la utoto, na la ukubwa limelala ubavu juu yake, ndani ya fizi. Lile dogo lisipong'olewa, kubwa halina njia ya kuvutwa chini.

Nilidhani najua kwa nini lilibaki.

Wakati wa vita tulikimbilia msituni upande wa Lokandu, mimi na bibi yangu. Nilikuwa na miaka kama kumi, na jino hilo lilianza kulegea. Kwetu jino la mtoto hutupwa juu ya paa la nyumba yao, na panya huombwa alete jipya. Nikamwuliza bibi kama nitalitupa juu ya kibanda chetu cha majani.

"Hii njo nyumba? Kesho tunahama, jino inabaki hapa peke yake. Ile mupya itakutafuta wapi? Shikilia mpaka tufike kwetu."

Nikashikilia. Mtoto mwingine angesahau. Mimi nilitafuna mihogo upande wa kulia tu, niliacha kupiga mluzi, na hata chafya niliibana. Tuliporudi kwetu Kindu tulikuta kuta zimesimama, mabati yamekwenda na watu.

"Ngoja tuezeke," bibi akasema. Tulipoezeka, jino lilikuwa imara kama msumari na hakuna aliyelikumbuka.

Nilimsimulia daktari haya yote. Akatikisa kichwa.

"Si sababu ulishikilia. Ile kubwa ilipotea njia, basi hii ndogo haikupata wa kuisukuma."

Nilifarijika, kisha nikaudhika. Mihogo yote ile, upande mmoja!

"Tung'oe leo?"

Nikauliza kama mzizi unafika jichoni. Nikauliza kama ganzi huweza kukataa kuisha. Nikauliza kama chonge lililolala hivyo linaweza kugoma kushuka, nibaki na pengo maisha yangu yote.

"Hiyo ya mwisho inaweza kutokea," akasema. "Lakini mara nyingi inashuka. Pole pole."

"Basi nimwulize bibi kwanza."

"Bibi iko wapi?"

"Iko inje, kwa benchi."

Akaitwa. Bibi akainama, akachungulia kinywani mwangu kama anayekagua chungu.

"Nyumba iko na mabati sasa," akasema. "Unangoja nini?"

Nikafungua mdomo.

Tulipofika nyumbani nilisimama uani, msomi mzima, nikamwomba panya kwa sauti, nikarusha. Jino likagonga bati, likabingirika, likaanguka miguuni pa bibi.

"Tupa tena," akasema. "Imezoea kungoja."

Nikacheka, ganzi ikivuta mdomo upande, pengo wazi mbele ya majirani wote, mikono yangu yote miwili ikilitafuta jino mchangani.