Wafupi Mia Nne wa Mwezini

Mambo haya yote yalitugharimu daftari moja la kurasa mia mbili, simu moja, na siku mbili za maisha ya rafiki yangu. Nimehesabu mara mbili. Siku zangu mimi hazimo, maana nilirudi nyumbani siku ileile na nikala.

Rafiki huyo ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Djugu aliyekimbia vita vya makabila na mashamba hadi Bunia na familia yake na begi moja. Kila Jumapili alasiri, kwangu mtaa wa Nyakasanza, tulicheza mchezo wake. Yeye alisimulia dunia isiyokuwepo. Mimi, binamu yangu na mke wa binamu tuliigiza watu wake. Dadu iliamua nani anaishi. Sheria ilikuwa moja: kabila la hapa haliingii mchezoni, hata kwa mzaha. Ndiyo maana tulikuwa na Majitu, Mamba-muntu wa majini na Wafupi, na ndiyo maana tuliwapeleka wote angani, mbali na shamba la mtu.

Walifikaje huko? Tuligombana majuma mengi. Majitu ya binamu hayakuenea ndani ya chombo cha angani, kwa hiyo yalikubali kukisukuma kwa nje na kulipwa nyota moja iliyokufa. Mamba-muntu wa mke wake walikuta dunia ya maji matupu, wakafunga mlango, wakaanza kuwauzia wengine maji kwa bidoni, dumu kwa dumu. Wafupi, wachimbaji wa mashimo, walikuwa wangu, nami nilidai mwezi. Aliyezoea shimo la dhahabu la Kilo, hewa kidogo na tochi kichwani, mwezi utamshinda nini?

Kosa langu ni kwamba simezi hadithi isiyo na hesabu. Wafupi mia nne wanakula nini? Nikachukua kalamu mwenyewe, nikaandika ndani ya daftari la mwalimu: pozisyo ya kwanza, yaani kituo cha wapiganaji, watu themanini; ya pili, mia na ishirini; ya tatu, mia mbili. Bariere tatu za kufunga njia. Maharagwe magunia sita. Mishale myekundu ya wino pale Wafupi watakapoyashukia Majitu. Maneno hayo sikuyatafuta. Mtu wa Bunia akiwaza kambi, hayo ndiyo anayoyasikia kila siku.

Binamu na mkewe walihamia Kilo kununua dhahabu, nami na mwalimu tukapanda pikipiki ya kukodi kuwafuata tukacheze, daftari ndani ya begi la mwalimu. Kwenye kizuizi cha jeshi, saa nne asubuhi, askari alilifungua daftari. Alisoma polepole mno.

"Kaye hii iko ya nani?" aliuliza, akiliinua daftari.

"Yangu, shefu," mwalimu alisema.

"Hawa batu mia ine, iko wapi?"

"Iko kule juu ku mwezi, shefu."

"Weye unanicheka?"

"Hapana, shefu. Ni mchezo."

Askari wa pili alichungulia begani kwake. "Na hawa Majitu, nani anabapa masasi ya bunduki?"

"Bahana masasi. Banatupa mawe."

"Wafupi banabashukia lini?"

Mwalimu alinitazama. Mpango wa Wafupi niliujua mimi peke yangu.

"Karte!" askari wa kwanza aliamuru, akidai kadi zetu za utambulisho.

Yangu ilikuwa nzima. Ya mwalimu iliungua pamoja na nyumba yake. Alitoa karatasi ya kambi ya wakimbizi, imekunjwa hadi imechanika. Askari akaishika kwa vidole viwili, akarudi kwenye daftari.

"Humu kuko mwandiko mbili. Hii ingine ya nani?" Akanigeukia. "Weye, muzee, unajua kaye hii?"

Mimi ni mfanyabiashara, bei ya kwanza sijawahi kuikubali maishani. Siku hiyo niliikubali bila kuuliza.

"Sijui, shefu. Mutu huyu tulipanda tu pikipiki moja."

Mwalimu hakunitazama tena. "Yote iko yangu," alisema. "Ninaandikaka na mikono mbili."

Wakacheka, wakamchukulia simu, wakampeleka nyuma ya mahema. Mimi niliambiwa nirudi nilikotoka. Niligeuka mara moja tu, sikuona kitu.

Siku ya tatu alirudi kwa miguu. Mkubwa wao alisoma hadi kwa Mamba-muntu na bidoni zao, akacheka mpaka akakohoa, akamwachia yeye na kubaki na daftari. Habari hiyo nimepewa na mke wake. Yeye mwenyewe hajanieleza lolote.

Jumapili iliyofuata alikuja kwangu kama kawaida, akanywa chai, akasema, "Ndugu yangu, tuendelee." Nikasema kichwa kinauma. Jumapili ya pili nikajificha chumbani, nikamsikia mlangoni akiulizia afya yangu. Pikipiki ikisimama nje, nashtuka nikidhani ni askari. Lakini namwogopa mwalimu kuliko wao.

Mama yangu angesema nipeleke kuku mweupe wa kuomba msamaha. Lakini kuku anapelekewa mtu aliyekasirika, na huyu hajakasirika. Basi ninyi mliowahi kumkana mtu akiwa amesimama kando yenu, mliporudi kwake mlianza na neno gani? Niambieni. Kesho kutwa ni Jumapili.