Saa Tatu ya Laptopu

Hooyo, mama yangu, hakuwahi kuniomba lolote linalohusu kompyuta. Kwake hayo ni masanduku ya kuharibu macho. Kwa hiyo asubuhi ile aliponiambia, huku akinimiminia chai, kwamba anataka kusikia sauti ya aabo, baba yangu, sikuwa na pa kukimbilia.

Baba alifia malishoni, upande wa Kotile. Kabla ya hapo alijirekodi kwenye simu yake ya kizamani, akampa dereva wa lori la mifugo memori kadi atuletee Garissa. Sisi watoto tuliisikiliza, tukampa hooyo habari kwa kifupi. Kadi ikapotea. Nakala pekee ilibaki kwenye laptopu yangu kuukuu, ndogo kama sinia ya biskuti, nayo ilikuwa imegoma kuwaka.

Rafiki wa kazini alikuwa amenipa flashi ya Linux, mfumo mwingine wa kuiwashia laptopu, akanionya nisiguse palipoandikwa futa diski yote. Nilisoma kila neno mara mbili, jasho likinitoka. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, ikabidi laptopu iwekewe saa upya. Ilitaka kuipanga yenyewe, nikakataa. Sipendi mashine inayojiamulia. Nilimwuliza hooyo ni saa ngapi, akasema saa tatu. Nikaandika tatu.

Ikawaka, na faili la aabo lilikuwepo. Nililia kidogo, sioni haya kusema.

Lakini faili halikufunguka. Ilibidi kwanza nishushe programu ndogo mtandaoni, na laptopu ikakataa: eti orodha ya programu bado haijaanza kutumika, nisubiri saa kadhaa. Nilibadilisha laini ya simu, nikahamia barazani, nikaitukana. Hooyo alitandika mkeka karibu yangu akaniambia haraka haraka haina baraka. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa si wewe unayebonyeza.

Adhana ya adhuhuri ikatoka. Nilitazama simu: 12:30. Laptopu ilionyesha 6:30. Nilimwonyesha hooyo zote mbili.

"Hii kubwa iko sawa," akasema bila kusita. "Saa sita na nusu. Simu yako ndiyo imepotea."

Ndivyo tunavyohesabu sisi sote, tangu jua lichomoze. Laptopu haikulelewa hivyo. Kwake ilikuwa ndiyo kwanza kunakucha, na ile orodha, iliyotengenezwa asubuhi hiyo, ilikuwa kitu cha baadaye. Nilicheka hadi hooyo akaniuliza kama niko mzima. Nikasogeza saa mbele, programu ikashuka.

Tuliswali kwanza. Kisha nikabonyeza.

Aabo hakuwahi kuzoea kuzungumza na simu. Alirekodi kama mtu aliyeketi mbele yako: anauliza, ananyamaza, anasubiri. Mara ya kwanza tulimcheka kwa hilo, tukawa tunaruka ule ukimya.

Alitoa salamu. Kisha akauliza, "Ma nabad baa?" Ni amani? Kimya kikafuata, mbuzi wakisikika kwa mbali. Kidole changu kilikwenda chenyewe kuruka. Hooyo akanishika mkono.

"Waa nabad," akajibu. Ni amani.

Aabo akauliza habari za watoto, akanyamaza. Hooyo akamwambia wako wazima. Akauliza kama mvua imenyesha mjini. Akauliza hali ya goti la hooyo. Kila alipoacha nafasi, hooyo alijibu taratibu, bila kumkatiza, na aabo hakuendelea hadi amalize. Sijui alijuaje urefu wa majibu yake. Labda waliooana muda mrefu hujua.

Sauti ilipokwisha nilimwuliza kama nirudie. Alikuwa anakunja mkeka.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa sijamjibu tu."